Bei ya Mwisho ya Leza

Kuna kitufe kimoja ninachokichukia kuliko kitu kingine chochote kwenye mtandao. Kimeandikwa kwa Kiingereza cha adabu, na maana yake ni "omba bei". Si "tazama bei", si "nunua". Omba. Mimi nimelelewa na mama anayeuza viatu vya ngozi na akala za tairi soko la Kariokor, na najua kwamba muuzaji anayeficha bei anataka kwanza kukuangalia miguuni. Akiona viatu vya ofisi, bei inapanda. Akiona malapa, anakwambia hiyo ishachukuliwa na mtu. Lakini angalau Kariokor mtu anakudanganya mkitazamana. Hawa wa kitufe walitaka nijaze kampuni yangu, cheo changu na idadi ya wafanyakazi walio chini yangu, ndipo waamue kama nafaa kutajiwa bei.

Nilichokuwa nikitafuta ni programu ya kuiga leza kwenye kompyuta. Acha nieleze, kwa sababu hata shangazi zangu walidhani nasoma ile taa nyekundu ambayo watoto wa ploti, jengo letu la kupanga, humulikana nayo machoni. Leza yangu ni kipande cha semikondakta, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichopangwa tabaka juu ya tabaka. Ukikipitishia umeme kinatoa mwanga, na mwanga huo ndio unaobeba intaneti ndani ya zile nyaya nyeusi zinazoning'inia kutoka ploti hadi ploti huku mtaa wa Kware, ninakoishi na mama. Shida yake ni joto. Kikipata joto kinadai umeme zaidi ili kitoe mwanga uleule, na umeme huo unakiongezea joto. Kisanduku cha intaneti cha ploti yetu, chenye leza kama hiyo, kimefungwa juu kabisa, chini ya mabati. Siku ya jua kali, ikifika saa nane mchana, intaneti inakufa, na watu wanatoka kwenye balkoni za ghorofa zote kuulizana nani hajalipa.

Wote wamelipa. Ni kile kipande kimechoka. Mimi nilitaka kupanga upya tabaka zake ili kivumilie mabati ya Kware bila kuwekewa kipoza, na hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yangu ya uzamili. Hapa kwetu hakuna kiwanda cha kutengeneza vipande hivyo, kwa hivyo maabara yangu ni kompyuta. Unaiambia programu unene wa kila tabaka, unaongeza joto, unaona leza inavyohangaika, unabadilisha, unaanza tena. Bila programu sina maabara, na bila maabara sina tasnifu.

Msimamizi wangu alikuwa ameniwekea mpaka. Mwisho wa muhula nisipomwonyesha grafu zinazoeleweka, nibadilishe mada, na kuhitimu mwaka huu nisahau. "Fanya sola," aliniambia. "Sola tuna vifaa." Ni mtu mwema, na hakusema kwa ubaya, lakini nilitoka ofisini kwake nimekunja ngumi. Idara yetu kila anayekwama anatupwa kwenye sola. Sina ugomvi na jua. Ugomvi wangu ni kuambiwa kwamba mwanga unaodondoka bure kutoka angani ndio saizi yetu, na ule wa kutengenezwa una wenyewe.

Basi nikaanza kutafuta. Nyumba yetu ni chumba kimoja na sebule ndogo, na soketi ya umeme inayofanya kazi iko kando ya kabati la vioo la mama. Kwa hivyo utafutaji wote niliufanya nimeegemea kabati hilo, laptopu mapajani, mgongo ukitetemesha vikombe kila nikijisogeza. Ni vikombe vya wageni, vyeupe, vyenye ukingo wa dhahabu. Tangu mama avinunue sijawahi kuona mgeni akivinywea, kwa maana hajawahi kuja mgeni anayevistahili. Sisi tunatumia vya plastiki. Nikijisogeza, mama alikuwa akisema kutoka jikoni, "Polepole na vyombo vyangu."

Programu ya kwanza ilikuwa bure kwa wanafunzi. Nikashangilia kabla ya wakati. Ulitakiwa kuchagua chuo chako kwenye orodha yao, na chuo chetu hakikuwemo. Kulikuwa na sehemu ya kuandika "chuo changu hakipo", nikaandika, na jibu likaja kwamba samahani, huduma hii ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Yaani miaka yote ile nimekuwa nikiota nahudhuria mihadhara.

Ya pili walinipa kwa majaribio. Nikaiweka, nikapanga tabaka zangu, nikaiacha ihesabu hadi laptopu ikawa haishikiki. Ilipomaliza, ikaniambia kwamba kwenye toleo la majaribio huruhusiwi kuhifadhi matokeo. Ni sawa na mtu akuazime sufuria kwa sharti kwamba usipakue. Ya tatu ndiyo bora kuliko zote, inahesabu umeme, mwanga na joto kwa pamoja, na ndiyo yenye kile kitufe. Bei yake niliigundua kwa kuchungulia tangazo la zabuni la chuo cha nchi nyingine. Nilicheka kwanza. Kwa pesa hizo mwenye ploti angetuacha tukae pale hadi niwe ajuza. Halafu ni ya mwaka mmoja tu, mwaka ukiisha inajifunga yenyewe.

Chini ya ploti yetu kuna kijana mwenye duka la kompyuta, ambaye huponya laptopu yangu ikizimia. Nilipomweleza, alicheka kwa huruma.

"Siste, si ungeniambia mapema," alisema. "Hiyo naeza kukupea ikiwa imekrakiwa, kufuli ishavunjwa. Unaweka tu, inashika. Hakuna maswali."

"Wakiniuliza leseni kwenye utetezi wa tasnifu nitasema nini?"

"Utasema uko nayo. Nani atacheki?"

Nilimshukuru nikakataa, na sikukataa kwa utakatifu. Nilikataa kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuingilia dirishani kwenye nyumba ambayo wenzangu wanafunguliwa mlango. Nilitaka mara moja tu nipite mlangoni nikiwa nimesimama wima. Kwa hivyo nilirudi kwa kitufe, nikajaza. Kampuni, nikaandika jina la chuo. Wafanyakazi walio chini yangu, nikaandika sifuri. Nikaacha na namba ya simu.

Walipiga siku ya Jumamosi, nikiwa Kariokor namsaidia mama. Jumamosi Kariokor hakusikiki kitu. Nyundo zinagonga soli kila upande, gundi inakuvuruga kichwa, na jirani wa mama, mzee wa Kisomali anayeuza mikanda, alikuwa akibishana na mteja kuhusu bakoli, kile chuma cha kufungia mkanda. Nilijificha nyuma ya rafu ya akala, kidole sikioni. Aliyepiga alikuwa mama mmoja mpole, wakala wao wa Afrika nzima, akiwa Ulaya. Nilimwambia ninachokifanya. Alipendezwa kweli, akaniuliza hadi aina ya tabaka. Kisha nikamuuliza bei, naye akaniuliza bajeti yangu.

Mama alikuwa ameshanisoma uso. Hajui leza, lakini sura ya mtu anayepimwa na muuzaji anaijua. Aliinama chini ya rafu akanong'ona, "Usimwambie uko na ngapi. Muulize bei ya mwisho."

Kwa faida ya asiyejua soko, hayo si maneno ya kawaida. Bei ya mwisho haiulizwi ovyo. Mnunuzi anaitamka akiwa tayari ameshageuza bega kuondoka, na muuzaji akishaitaja hapandi tena wala hashuki. Ukiitaja na bado mtu akaendelea kubishana, amekosa heshima ya soko. Nilikuwa nimechoka kupimwa, nikageuza bega nyuma ya rafu ya akala, kana kwamba mwenzangu ananiona, nikamwambia kwa Kiingereza neno kwa neno: naomba uniambie bei yenu ya mwisho.

Akasema ngoja kidogo. Nikasikia anabonyeza kompyuta. "Bei ya mwisho kwa chuo chenu," alisema, "ilikuwa sifuri."

Nilifunika simu kwa kiganja. "Mama, amesema bure."

Mama hakufurahi hata kidogo. "Bure? Hapo kuna kitu. Muulize imetoboka wapi."

Ilikuwa imetoboka. Yule wakala hakuwa amenielewa kama Kariokor inavyoelewa. Kwa Kiingereza chake, bei ya mwisho ni ile mliyotozwa mara ya mwisho, kwa hivyo alikuwa amefungua kumbukumbu zake kutafuta chuo chetu. Na alikikuta. Kampuni yao ilikuwa imetupa programu ile zawadi, miaka kadhaa nyuma, yote kamili, pamoja na kile kifaa cha kuifungulia, kinachofanana na flashi. Kulikuwa hata na sherehe ndogo ya kukabidhi. Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini hatukuwahi kuiwasha hata mara moja. Leseni ilikuwa imekwisha mwanzoni mwa mwaka huu.

Nilikaa juu ya gunia la vipande vya tairi. Nikamwambia, kama haijawahi kuwashwa, basi anzeni kuhesabu leo. Akasema muda ulianza siku ya kukabidhi. Nikasema lakini haijatumika. Akasema anaelewa, ila ndiyo sera yao, na kama tunataka kuhuisha atanitumia bei kamili. Programu si maziwa, haichachi. Imekaa vilevile ilivyokuwa siku ya kwanza, kila hesabu iko mahali pake, ila kuna mtu ameandika tarehe kando yake na tarehe imepita. Wenye kutoa zawadi yenye siku ya kufa, halafu wasipige simu hata moja kuuliza mbona kimya, nao wana lao. Nilimwambia hivyo, kwa Kiingereza cha heshima kadiri nilivyoweza. Akasema atayafikisha maoni yangu.

Jumatatu nilikuwa idarani kabla ya mlango kufunguliwa. Karani wa idara, mama mmoja anayetujua wote kwa sauti, hakuhitaji hata nimalize kueleza.

"Si ile ya kwenye picha?" alisema.

Picha gani. Akanitoa hadi kwenye korido, akanionyesha. Ni korido niliyopita kila siku ya masomo yangu. Picha imetundikwa kati ya ratiba na tangazo la kuzima taa: mwenyekiti wa idara na wageni wawili wenye suti, wameshika kisanduku cheupe pamoja, wanatabasamu. Siku zote nilidhani ni saa ya ukutani. Nilijisogeza karibu nikasoma kilichoandikwa kwenye kisanduku, na ni jina la programu yangu, kwa herufi kubwa.

Mwenyekiti alikuja na funguo zake, mchangamfu, akatupeleka chumba cha mikutano. Huko kuna kabati la vioo. Rafu ya juu kuna vikombe vya ushindi, ya kati kuna chupa ya chai na vikombe vya wageni, vya ukingo wa dhahabu, ndugu kabisa na vya mama. Rafu ya chini, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kulikuwa na kisanduku cheupe. Nailoni yake haijachanwa.

"Kiko salama," alisema kwa fahari. "Hakijaguswa."

"Kimekufa, Daktari," nilisema. "Muda wake ulikwisha Januari."

Alikigeuza mkononi kutafuta tarehe, hakuiona. "Hiki ni kitu cha thamani, binti. Tungewapa wanafunzi kingepotea wiki ya kwanza."

"Kimepotea, Daktari. Kimepotea kikiwa hapa hapa."

"Basi ungeuliza."

"Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo?"

Karani aliangalia sakafu. Mwenyekiti hakukasirika, na nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alionekana kunionea huruma, kana kwamba mimi ndiye sijaelewa maisha. Alinieleza taratibu kwamba wale waliotoa huenda wakarudi siku yoyote, na wakirudi jambo la kwanza watakalouliza ni zawadi yao iko wapi, na itakuwa aibu kubwa ikionekana imechakaa. Kisha akakipangusa kisanduku vumbi kwa mkono wa koti, akakirudisha juu ya kitambaa, akafunga kabati.

Akafunga. Kitu kimeshakufa na bado akakifungia kwa ufunguo. Nilikuwa nimewalaani watu wa ng'ambo muhula mzima kwa kuninyima bei, kuniacha nje ya orodha yao, kuniuliza nina wafanyakazi wangapi. Wakati huo wote maabara yangu ilikuwa hapa, imevalishwa nailoni, ikingoja wageni. Na mgeni anayengojwa si mimi ninayeihitaji. Ni yule aliyeitoa, ambaye nyumbani kwake anazo hadi za kutupa.

Msimamizi wangu hakuwa akijua pia. Alijiunga na idara baada ya sherehe. Nilipomwambia alivua miwani. Hakunitajia sola tena. Alinipa muhula mmoja zaidi, akaniambia wazi kwamba kuhitimu mwaka huu kumeshapita. Nikamwonyesha programu nyingine niliyokuwa nimeipata, ya bure kweli, iliyoandikwa na walimu wa chuo fulani cha mbali na kuachwa wazi kwa yeyote. Haina vitufe wala picha. Kila tabaka unaliandika kwa mkono, na joto haijui kabisa, itabidi niifundishe mwenyewe hesabu zake. Akasema itakuwa kazi. Nikamwambia kazi naiona.

Nilifika nyumbani alasiri, mama hajarudi. Intaneti ilikuwa imekufa, kama kawaida ya saa hizo, na juu huko mtu alikuwa akiuliza nani hajalipa. Nilibandika chai. Nilipotaka kuchukua kikombe cha plastiki, mkono ulikataa. Nilifungua kabati la vioo, nikatoa kikombe cha ukingo wa dhahabu, nikakiosha vumbi la miaka yote ile, nikamimina.

Mama alinikuta hivyo. Aliweka mfuko wake chini, akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Hicho ni cha wageni," alisema.

"Wageni gani, mama?" Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Nitajie mmoja. Ni nani huyo tunayemngoja, amekuja lini, ametuletea nini?" Nikamwambia yote, kisanduku, nailoni, kile kitambaa, na mkono wa koti uliopangusa vumbi. Nikamwambia nchi hii tumeijaza makabati ya vioo, na kila kilichofungiwa ndani kina mtu nje anayekufa kwa kukikosa. Nilikiweka kikombe chini kwa kishindo hadi chai ikamwagika kwenye kisahani chake.

Mama aliketi kwenye stuli. Alivua akala zake, akazipanga mlangoni vizuri, akachukua muda wake.

"Nilivinunua ulipoitwa chuo," alisema. "Niliviweka vya siku yako ya joho. Nilisema watu wa kwetu wakija, na watu wa soko, wanywee kitu kizuri. Ilikuwa iwe mwaka huu, si ndiyo?"

Nilisema imesogezwa. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akauliza kama mwakani ni hakika, nikamwambia kama laptopu itavumilia, ni hakika. Aliinuka, akatoa kikombe cha pili, akakipuliza vumbi ndani, akakinyoosha kwangu nimmiminie.

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshakwenda Kariokor. Vikombe vyote vilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, vimeoshwa, vimechanganyika na vile vya plastiki, kimoja kikiwa tayari kimetoka kishikio. Ndani ya kabati la vioo alikuwa ameweka unga, sukari na mafuta ya kupikia. Rafu ya juu, ile iliyo karibu na soketi, aliiacha tupu, na palitosha laptopu.